Lita tisa zilizopotelea Keko

Tuanze na aibu, tuimalize. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kila mwaka naandika ubaoni urefu mara upana mara kimo, na kila mwaka namwambia mtoto aliyekosea kwamba hakusoma swali. Sasa boksi langu la kwanza la spika nililikosea kwa lita tisa. Tisa! Na aliyenicheka ni mzee aliyeishia darasa la nne.

Chanzo cha yote ni sabufa. Mtaani kwetu kila nyumba inayo, ile ya plastiki yenye taa za bluu, na mimi nilikuwa nayo. Inanguruma, sikatai, vyombo vinatikisika kabatini. Lakini weka rekodi ya zamani ya bendi ya JUWATA halafu fuata gitaa la besi. Mpigaji anatembea, anapanda, anashuka, anajibizana na tumba. Kwenye sabufa yangu safari yote hiyo ilitoka kwa sauti moja tu, mmm, mmm, mmm, kama ng'ombe aliyevimbiwa. Nikasema basi, nitatengeneza za kwangu.

Ukitaka kujua una ndugu wangapi, tangaza kwamba unatengeneza kitu. Fundi redio wa pale kona akaniambia boksi likiwa kubwa ndiyo besi inakuwa nene, kwa hiyo nijaze kadiri sebule inavyoruhusu. Shemeji akasema bila mninga mtupu ni kazi bure, MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni ya maboksi ya viatu. Kijana aliyeniuzia nyaya Kariakoo akaniapia kwamba siri iko kwenye trei za mayai, nizibandike ndani pande zote. Nilizibandika. Sikusikia tofauti yoyote. Trei ya mayai inazuia mayai yasigongane, kazi yake inaishia hapo.

Na kuhusu mninga, nampenda shemeji yangu, ila Dar es Salaam mbao nzima inavimba masika na kusinyaa kiangazi. Boksi linatakiwa lisipumue popote ila pale ulipopanga wewe. MDF ya milimita 18 haina mkondo wa nyuzi kama mbao, haipindi, haina fundo, na ilimradi usiimwagie maji imetulia. Karatasi nzima ya futi nane kwa nne nilinunua kwa bei isiyofika laki, ikatosha boksi mbili, na kama mtakavyosikia, ikabidi itoshe tatu. Bei ya spika zenyewe sitaji. Mama watoto anajua kusoma.

Jambo moja nililofanya vizuri tangu mwanzo ni kukataa spika isiyo na karatasi ya vipimo. Madukani utaonyeshwa bufa, yaani spika kubwa ya besi, iliyoandikwa wati 1000 kwa herufi za dhahabu, na zaidi ya hapo hakuna. Wati hazikusaidii kujenga boksi. Kinachotakiwa ni zile namba zinazobeba majina ya Neville Thiele, Mwaustralia aliyeandika mambo yake mwaka 1961, na Richard Small aliyeyaendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla yao wengi walikuwa wanapapasa kama fundi wetu wa kona. Bufa zangu za inchi nane zilikuja na karatasi: Fs, mlio ambao koni (ile sehemu ya mbele inayosukuma hewa) hutikisika yenyewe, herzi 40, yaani mara 40 kwa sekunde; Vas, kiasi cha hewa chenye unyumbufu sawa na wa koni, lita 28; Qts, kipimo cha jinsi mtikisiko wake unavyozuiwa, 0.38. Namba hizo nikaziingiza kwenye programu ya bure ya WinISD, nayo ikajibu: lita 26, na bomba la kuliimbisha boksi kwenye herzi 40. Ukubwa wa ndoo moja na kidogo. Ushauri wa kujaza sebule nzima, kwa heri.

Nikaongeza lita mbili za kufidia sumaku, bomba na kipande cha kukazia, zikawa 28. Upana sm 22, kina sm 32, kimo sm 40. Zidisheni wenyewe, inatoka lita 28 na chenji. Nikachora vizuri, kwa rula, nikaenda Keko.

Anayeijua Keko anajua, barabara nzima ni vitanda, makochi na harufu ya vanishi. Kuna mzee mmoja huko alikubali nitumie kona ya karakana yake kila Jumamosi, kwa hela ya soda na kidogo juu yake. Akaitazama karatasi yangu, akavua miwani, akavaa tena.

"Mwalimu, hivi vipimo ni vya nje au vya ndani?"

"Vya boksi, Mzee."

Akanitazama sekunde mbili hivi. "Haya."

Ile "haya" ningeielewa siku hiyo, ningeokoa mbao. Mashine ikapasua, tukapaka gundi, tukafunga, nikarudi nyumbani natembea kifua mbele. Jumamosi iliyofuata nikachora duara la sm 18.5 kwenye ubao wa mbele, nikaingiza jigiso, ule msumeno mdogo wa umeme. Ikaenda safi, kisha ikaanza kulia kwa uchungu upande wa kulia, na ilipozunguka ikalia tena upande wa kushoto. Nikadhani msumeno umechoka, nikabadilisha. Ikalia tena palepale. Nilipolitoa lile duara nikaona jigiso imeng'ata kuta za ubavuni, kulia na kushoto, kila upande nusu milimita. Bufa nikaiingiza, ikakwama kama mtu mnene kwenye dirisha.

Nikasimama pale na futi kamba. Upana wa ndani: sm 18.4. Tundu la sm 18.5 ndani ya boksi lenye sm 18.4! Ubao una unene, jamani. Milimita 18 huku, milimita 18 kule, nilimpa Mzee vipimo vya ndani naye akakata vya nje, kwa kuwa mteja amesema ni "vya boksi". Kina kilibaki sm 28.4, kimo sm 36.4. Nikapiga hesabu juu ya kipande cha MDF kwa penseli ya seremala: lita 19.

Mzee hakuinua kichwa kwenye randa yake. "Nilikuuliza, Mwalimu."

Boksi lile lipo hadi leo pale karakana, wateja wanalikalia wakisubiri makochi yao. Nikipita Mzee huwaambia, "Mpisheni Mwalimu akae kwenye spika yake."

La pili na la tatu tulikata kwa sm 25.6, 35.6 na 43.6 nje kwa nje. Kuunganisha sina la kueleza, ni gundi nyeupe ya mbao na subira. Ila Mzee alikuwa na jiriwa mbili tu na zote zilikuwa na kazi ya kabati la harusi, basi akanionyesha kitu: tyubu za baiskeli zilizochanika, zimekatwa ndefu kama kanda. Unazungusha huku unavuta, raundi sita, saba, kila raundi inaongeza kubana, na gundi inachungulia kwenye kila kiungo kama jasho. Hazikunigharimu chochote, na zinabana pande zote nne kwa pamoja kuliko jiriwa. Vaeni barakoa mkipiga msasa MDF, unga wake ni mwembamba na una gundi ndani yake. Mimi nilikuwa na zilizobaki za enzi za korona.

Katikati weka kipande cha kukaza kutoka ubavu hadi ubavu. Utajuaje kama kinatosha? Gonga kama unavyogonga tikiti sokoni. Likilia "boo" bado, likilia "ndi" funga.

Sasa nije kwenye yale ninayojivunia, maana hayakutoka kwa mshauri yeyote.

La kwanza ni udi. Boksi likivuja hata kwenye tundu la msumari, linatoa mluzi au linapoteza nguvu, na kwa macho huoni. Niliazima chetezo cha mama watoto, nikaziba tundu la bomba kwa kitambaa kilichokunjwa, nikaunganisha amplifaya na simu inayopiga mlio wa herzi 30, halafu nikatembeza moshi taratibu kwenye viungo. Moshi wa udi ukiachwa unapanda wima kama uzi. Nilipofika kona ya chini nyuma ya boksi la kushoto, uzi ukaanza kutetemeka. Nikarudi, ukatulia. Nikasogea, ukatetemeka. Gundi kidogo kwa kidole, imekwisha. Fundi wa banda la jirani alikuja kuuliza kama spika imepandisha mashetani, nikamwambia ndiyo, tunalituliza.

La pili ni mchele. Bomba ni la maji, PVC ya inchi tatu, ambalo langu kwa ndani lina kama sm 7. Hesabu ilisema urefu wa sm 22 na nusu, lakini mara hii sikuiamini hesabu, hasa ya kwangu. Nikakata sm 26. Ukilaza boksi chali, bufa ikatazama juu, ukamwaga punje kiasi cha kijiko juu ya koni, unaona kwa macho kile ambacho programu inachora kwa mistari. Piga herzi 60, mchele unaruka. Shuka 50, unaruka. Ukifika mlio ule bomba lilipotegwa, koni inakaribia kusimama kabisa, punje zinalala, na pumzi yote inatokea kwenye bomba, weka mkono uone. Shuka chini zaidi, hadi 30, mchele unapagawa. Kwangu zilitulia kwenye 38 hivi. Nikapunguza bomba sentimita moja, nikapima, nikapunguza tena. Nilipofika sm 22 na nusu zikalala kwenye 40. Hesabu ilikuwa sahihi tangu mwanzo, bila shaka, lakini baada ya zile lita tisa mimi na hesabu tulikuwa hatuongei.

Kosa langu ni kwamba bomba nililiweka pembeni mwa tweta, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, palepale mbele. Mchele ulipopagawa, nusu yake uliruka ukaingia bombani.

Pamba za ndani nazo zina kisa. Nilipasua mto wa zamani wa sufi nikajaza. Siku ya kwanza nilipopandisha sauti, bomba likakohoa sufi sebule nzima, watoto wakashangilia kama theluji kwenye televisheni. Sasa nina vipande vya blanketi zito vilivyogandishwa kwenye kuta tatu, mbali na mdomo wa bomba, na hakuna kikohozi.

Krosova, kifaa cha kugawa sauti kati ya bufa na tweta, nilinunua iliyotengenezwa tayari, sikutaka ubishi. Ila msiamini alama za kuongeza na kutoa mlizoziona zimepakwa rangi. Chukua betri moja ya redio, gusisha nyaya za bufa: koni ikisukumwa nje, upande uliogusa chanya ndiyo chanya. Moja ya zangu ilikuwa imepakwa kinyume. Zikipishana, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inapotea katikati ya chumba. Kama nisingepima, ningerudi Kariakoo kugombana na mtu.

Kupendezesha ndiko kulikokula muda, Jumamosi tano au sita. Hapo ndipo nilipompa shemeji mninga wake, lakini wa vinia, ngozi nyembamba tu ya juu. Nilipaka gundi nyeupe kwenye MDF na nyuma ya vinia, nikaacha vikauke vyote viwili, kisha nikavibandika kwa pasi ya moto. Gundi inayeyuka na kushika papo hapo. Upande wa tatu umeme ukakatika. Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi nikachukua pasi ya mkaa ya bibi jirani, na kwa kweli joto lake ni tamu, linakaa, ila cheche moja ilidondoka ikaacha doa jeusi kama shilingi. Upande huo unatazama ukuta. Ile pasi ya umeme ilibaki na gundi chini, nayo ikahamia kwenye sare ya shule, sitasimulia yaliyofuata.

Vanishi nikakosea majira. Ilikuwa Aprili, mvua, hewa nzito. Baada ya sanding sila, ile ya kwanza ya kuziba vinyweleo vya mbao, nikampa kijana wa kompresa apige ya kung'aa, na katika dakika kumi mninga wangu wote ukawa mweupe kama kioo kilichopumuliwa. Nilikaribia kulia. Mzee akasema tu, "Imepiga ukungu, imeshika unyevu." Tukangoja siku yenye jua kali, saa saba mchana, akapitisha tina ile inayokauka polepole ikiwa na vanishi kidogo sana, na ukungu ukaondoka mbele ya macho yangu. Ule wekundu wa mninga ukarudi na mistari yake.

Nilizibeba nyumbani kwa bajaji, moja mapajani. Nikaweka JUWATA. Gitaa la besi likapanda, likashuka, kila nota na mahali pake. Kwenye boksi la kushoto kulikuwa na mchakacho mdogo, kach, kach, nikafungua bufa, nikaligeuza, zikadondoka punje nne za mchele.

Mama watoto alisikiliza wimbo mzima amesimama mlangoni. "Zinasikika vizuri, baba," akasema. Nilipotoka kazini kesho yake nikakuta juu ya kila spika kitambaa cheupe cha kufuma, kimeshuka hadi katikati ya ubavu, na maua ya plastiki juu yake.