Bungua, friza na sarafu ya mia: makumbusho yetu ya kijiji, Ufipa

Walionishauri nipake oili chafu kwenye mipini ya majembe na nyungo "ili bungua, wadudu watoboao mti, wafe" wangeniharibia makumbusho kabla hayajafunguliwa. Oili inachafua kila mkono unaogusa, na bungua aliye ndani kabisa ya mti haimfikii. Fagia chini ya tundu. Unga laini ukirudi kesho, wapo hai.

Dawa yao ni baridi. Niliazima friza la muuza samaki mjini, nikafunga kila kifaa kwenye nailoni nzito mara mbili: nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukitoa, nailoni isifunguliwe hadi kesho yake, la sivyo jasho la hewa linatua kwenye mti na ukungu unafuata. Ngoma zilizowambwa ngozi sikuthubutu kuziingiza.

Adui ni umeme kukatika. Kwa hiyo nikagandisha kikombe cha maji humo humo, nikaweka sarafu ya shilingi mia juu ya barafu. Siku ya tisa nikaikuta imezama chini ya kikombe, barafu imeganda tena juu yake, na muuza samaki anaapa umeme haukukatika! Nikaanza kuhesabu zile wiki mbili upya. Hila hii naringa nayo mpaka leo.

Kwenye vigae vya vyungu sina la kuringia. Chungu cha kwanza nilikiunga kwa supagluu, kwa pupa, kuanzia mdomoni. Kila kiungo kilipinda kidogo, nywele tu, lakini upinde ule unajumlishwa: kigae cha mwisho kiligoma kuingia kwenye nafasi yake. Siku tatu za pamba na asetoni kubomoa kazi yangu mwenyewe. Sasa naunga kwanza kikavu kwa utepe wa karatasi, natia namba kwa penseli upande wa ndani, kisha natumia Paraloid B-72, gundi inayoyeyuka tena kwa asetoni. Bei yake inauma. Kigae kinasimamishwa kwenye karai la mchanga, kiungo kikikaa kwa uzito wa kigae chenyewe. Masizi na ukoko wa chakula usivisugue. Humo ndimo mtafiti husoma kilichopikwa.

Hatukuchimba popote. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba kunataka kibali. Vigae vyetu viliibuliwa na majembe shambani. Mahali pa kila kimoja pameandikwa daftarini.

Mavi ya chuma, taka zilizobaki chuma kilipoyeyushwa, nimeyagawa: ya malungu, tanuri refu lililovuta hewa lenyewe, na ya kintengwe, lile dogo la mivukuto. Yako mezani bila kioo. Mgeni huyadhani mawe ya kawaida, hadi anyanyue moja.