Mheshimiwa, picha ya gazetini haitoshi

Saiba yangu iko Umoja, Nairobi, na kazi zake ni zile zile: ritani za kodi za KRA, fomu za mikopo ya wanafunzi ya HELB, kuchapisha CV. Ila tangu ijulikane mtaani kwamba usiku nikishafunga huwa nahariri Wikipedia ya Kiswahili, nimepata wateja wa aina nyingine, wale wa kutaka “kuwekwa Wikipedia”.

Wa majuzi ni bwana mmoja anayeutolea macho uwakilishi wadi. Alikuja na bahasha ya kaki, akaimwaga mezani. Kulikuwa na picha ya gazetini, yeye amesimama nyuma ya mbunge kwenye harambee. Maelezo ya chini yanamtaja mbunge, yanamtaja mchungaji, kisha “na viongozi wengine”. Yeye ndiye hao wengine. Kulikuwa na tangazo la kututakia Krismasi njema, alilolilipia mwenyewe. Halafu taarifa ya msemaji wake, iliyobandikwa na blogu kadhaa neno kwa neno, hata kosa la tahajia halikuguswa.

“Dada, si hivi ni vyanzo?”

Nikamwambia, mheshimiwa, hapa hatuulizi kama wewe ni mtu mwema au una pesa. Tunauliza kama watu wasio wako, ambao hukuwalipa, wameandika habari zako kwa kina, tena kwenye chombo chenye mhariri wa kuulizwa mambo yakienda kombo. Mbunge wa taifa huhesabiwa anastahili makala kwa sababu ya kiti chake, lakini kugombea peke yake hakumpi mtu makala. Na ukinilipa, masharti ya Wikimedia tangu 2014 yananitaka niseme hadharani nani kanilipa.

Hapo ndipo alipoanza kurudisha karatasi zake. “Kwani hiyo Wikipedia ni ya nani?” akauliza akitoka.

Mimi kanuni hiyo naipenda, nisidanganye. Tukiilegeza, kabla ya uchaguzi wa 2027 tutakuwa tumejaza ensaiklopidia mabango ya kampeni. Lakini kuna mteja wangu mwingine anayeninyima raha nayo.

Ni mzee wa benga. Huja nimchapishie karatasi za kliniki. Miaka ya sabini alipiga gitaa, akarekodi River Road, na nyimbo zikasikika kwenye redio ya Sauti ya Kenya. Amebaki na santuri mbili, anazibeba kwenye mfuko wa unga. Nilizishika. Karatasi ya katikati imesugulika mpaka jina la bendi linasomeka nusu. Jina lake yeye, mtunzi, liko kwenye mabano kwa herufi za kukodolea macho.

“Baba, kuna gazeti liliwahi kukuandika?”

Akacheka hadi akakohoa. “Gazeti? Sisi tuliandikwa na polisi tu, tukipitisha saa za baa.”

Sasa huyo nimfanyeje? Kipimo kinampima aliyeshika kalamu kabla hakijampima anayeandikwa. Wala si shida yetu sisi tu. Mei 2018 rasimu ya makala ya Kiingereza kuhusu Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ilikataliwa kwa madai kuwa vyanzo havitoshi. Oktoba mwaka huo huo akapata Nobeli ya Fizikia, na makala ikapatikana siku ile ile. Na sisi wa Nairobi tunamkumbuka Makmende, shujaa wa kubuni wa video ya bendi ya Just a Band, 2010: mji mzima unamtaja yeye, na huko Wikipedia ya Kiingereza makala yake inafutwa, inarudishwa, inafutwa tena, kabla ya kuachwa.

Wikipedia ya kila lugha hujiwekea kanuni zake, kwa hiyo kuna wenzangu wanaosema tumwingize mzee kwa ushahidi wa mdomo. Nawaelewa, ila sikubali. Mlango utakaompitisha mzee ndio huo huo atakaopitia bwana wa bahasha, na yeye ana mashahidi wengi zaidi, wote wamevaa fulana zake.

Watu wengi hawajui kwamba chanzo si lazima kiwe kwenye intaneti. Gazeti la karatasi linatosha, mradi utaje jina, tarehe na ukurasa. Ndiyo maana siku hizi nikipata nafasi naingia Maktaba ya McMillan, Banda Street, kufunua magazeti ya zamani. Vumbi lake ni la kuja na leso. Nimeshaiona bendi yake mara moja: tangazo la dansi, ukumbi na kiingilio. Ni tangazo la kulipia, halihesabiki, lakini tarehe nimeinakili.

Kama nyumbani kwenu kuna Baraza au Taifa Leo za miaka hiyo, msimpe muuza samaki afungie. Nileteeni Umoja, nitazipiga picha mkingoja, na chai ni juu yangu.