Kopo la Africafe limeishia kwenye mkanda

Jumamosi asubuhi mke wangu alifungua kabati la jikoni, akatikisa kopo la Africafe, kahawa yetu ya unga, akanigeukia. "Umesafishia tena picha?" Sikuwa na pa kujificha. Kikaango cha chapati kilikuwa bado na unga mweupe wa magadi pembeni.

Kwa ambao hawanijui: napiga picha kwa Zenit-E, kamera ya Mrusi niliyoachiwa na baba mdogo, nzito kama tofali la kuchoma. Mkanda, yaani filamu, ni Ilford HP5, wa nyeusi na nyeupe, ASA 400. ASA ni wepesi wa mkanda kunasa mwanga: namba ikipanda, unahitaji mwanga kidogo. Mpaka unifikie Dodoma kupitia mtu wa Dar, umeshakuwa Sh 45,000. Picha ni 36, kwa hiyo kila nikibonyeza, Sh 1,250 imekwenda. Hapo hujasafisha.

Mkanda wangu wa kwanza kabisa ulitoka mtupu. Haukuungua, haukusogea tu. Ncha yake ilichomoka kule ndani, mimi nikapiga harusi ya binamu yangu kuanzia kanisani mpaka ukumbini nikiwa na raha zangu. Hadi leo anaziulizia. Siku hizi kila nikivuta mkanda nakitazama kile kishikio cha kuurudishia, upande wa kushoto juu. Kisipozunguka, najua napiga hewa.

Habari ya kahawa si ubunifu wangu. Mwaka 1995 mwalimu mmoja wa chuo huko Rochester, Marekani, Scott Williams, pamoja na wanafunzi wake, walionyesha kwamba kahawa ya unga ikitiwa kitu kikali kama magadi inatoa picha kwenye mkanda. Baadaye watu wakaongeza vitamini C ili dawa ipate nguvu. Kahawa inayosifiwa zaidi kwa kazi hii ni robusta, ile ya bei nafuu ambayo wanywaji wenye maringo wanaidharau, na Bukoba, inakotengenezwa Africafe, ndiko nyumbani kwa robusta. Kwa lita moja naweka gramu 40 za kahawa, gramu 16 za vitamini C na gramu 54 za soda ya kufulia. Soda hiyo niliikosa, nikachukua magadi Soko la Majengo, nikayatwanga na kuyakaanga mpaka yakakauka kabisa. Yakikaangwa yanakuwa makali zaidi. Harufu ya mchanganyiko huo, jamani! Fikiria kahawa iliyomwagikia soksi za mwanafunzi wa bweni.

Dawa inatakiwa iwe na nyuzi 20, mkanda ukae humo dakika 15. Sasa nenda kachote maji ya simtanki Dodoma mwezi Septemba uone kipimajoto kinavyokucheka. Jirani yangu anauza barafu za ubuyu, nikanunua 10, nikazipanga kwenye beseni kuzunguka jagi. Nyuzi zilipofika 20, mwanangu alikuwa ameshafyonza nne. Umeme nao ukakatika mtaa mzima wakati naingiza mkanda kwenye kopo lake la kusafishia lisilopitisha mwanga, nimejifunika blanketi kama mgonjwa wa malaria. Ndiyo mara yangu pekee kushangilia giza.

Fiksa, ile dawa inayouzuia mkanda usiungue ukitolewa kwenye mwanga, haina mbadala jikoni, naagiza. Na maji yetu yana chumvi, yakikaukia kwenye mkanda yanaacha madoa meupe, kwa hiyo suuza ya mwisho natumia maji ya betri kutoka kituo cha mafuta. Kisha namwaga maji ya moto sakafuni bafuni, mvuke uteremshe vumbi, ndipo naning'iniza mkanda kwa vibanio viwili vya nguo, kimoja juu na kimoja chini usijikunje.

Jumapili baada ya ibada tukakutana watano, kama kawaida, chini ya mwarobaini nyuma ya kibanda cha chai. Tuna sheria mbili. Picha iwe ya karatasi, ipite mkono kwa mkono. Na mwenye picha afunge mdomo mpaka wote wamalize kusema. Ya pili inanitesa.

Nilipeleka picha ya mama mmoja anayeuza zabibu kandokando ya barabara ya kwenda Hombolo. Saa sita mchana, kanga kichwani, sinia la bati mapajani, zabibu zimerundikwa.

"Nguzo ya umeme imemwota kichwani," akaanza binti wa maabara. Kweli.

Fundi baiskeli akasema bodaboda iliyo nyuma inaonekana mno mpaka unasoma namba yake. "Ungefungua lenzi mpaka f/2, boda ikafifia." Nikajing'ata ulimi. Hiyo f ni tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi. Jua la Dodoma saa sita, kwa mkanda wa ASA 400, linataka f/16 na kasi ya 1/500 ya sekunde, na Zenit mwisho wake ni hiyohiyo 1/500. Ningefungua f/2, picha nzima ingekuwa imeoga maziwa. Nilinunua wa 400 nikidhani namba kubwa ndiyo bora. Kwa jua letu ni kujifunga kamba mwenyewe. Lakini sheria ni sheria, nikanywa chai.

Mwalimu yeye aliipenda boda.

Mzee alikuwa wa mwisho. Huyu alipiga picha za studio tangu mji huu una vumbi kuliko nyumba, na siku hizi macho yanamsumbua, kwa hiyo anaisogeza picha mpaka inagusa pua. Akakaa nayo. Chai yake ikapoa.

"Kijana, umelifuata jua, hukumfuata mtu," akasema. "Uso uko kivulini. Ungefungua mpaka 8, barabara ingeungua kidogo, yeye angetoka." Kisha akaweka ukucha wake kwenye karatasi. "Lakini tazameni kidevu."

Tukainama wote. Chini ya kidevu kulikuwa na mstari mwembamba wa mwanga, kama mwezi wa siku mbili, ukipanda mpaka mdomo wa chini. Ni jua lililogonga ukingo wa sinia likarudi juu. Nilikuwa nimeitazama picha ile siku nzima sijauona.

"Sisi tulikuwa tunampa mteja gazeti alilaze magotini, limrushie mwanga," Mzee akasema. "Huyu sinia analo. Ungemwambia ainamishe shingo tu."

Jumatatu jioni nikampelekea mwenyewe picha yake.

"Mbukwenyi, mama! Shikamoo."

"Marahaba mwanangu." Akaipokea, akaitazama kwa mbali, kisha karibu. "Mbona zabibu zangu umezipaka masizi?"

"Mkanda wenyewe wa nyeusi na nyeupe, mama."

"Sasa mteja atajuaje kama zimeiva? Siku nyingine uje na ya rangi."

Mkanda wa rangi ukiusafisha kwa kahawa unatoka nyeusi na nyeupe vilevile, lakini sikuona sababu ya kubishana. Nilinunua kilo mbili. Akaniongezea kishada kimoja, akasema hicho cha picha.

Nyumbani niliingia na zabibu pamoja na kopo jipya la Africafe. Mke wangu alipokea zabibu kwanza. Kopo akaliandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito: LA KUNYWA.