Suti Kavu Itakayolala Dar es Salaam

Nilipomweleza jirani yangu wa Kinondoni kwamba mwezi Septemba ninakwenda kuzamia Uskoti, aliniangalia kwa huruma, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama viza imeshindikana. Ilinibidi nimfafanulie kwamba sijifichi katika meli yoyote. Meli ninazoziendea ziko chini ya maji tangu tarehe 21 Juni 1919, siku ambayo Wajerumani walizizamisha wenyewe manowari zao zilizokuwa zimezuiliwa katika ghuba ya Scapa Flow, visiwani Orkney, zisije zikagawanywa kwa washindi wa vita. Kwa mtu aliyekulia na simulizi za Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoishia katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, hamu ya safari hiyo haihitaji maelezo. Kinachohitaji maelezo ni vazi la kuzamia, yaani suti kavu, kwa sababu limenigharimu muda mwingi kuliko tiketi na viza kwa pamoja.

Bahari yetu, kuanzia Mbudya na Bongoyo hadi Mafia, huwa na nyuzi joto kati ya 25 na 30, kwa hiyo suti ya mpira ya milimita 3 hututosha, na wapo wenzangu wanaoshuka na fulana tu. Maji ya Orkney mwezi Septemba huwa na takriban nyuzi 13. Namba hiyo haiwezi kumtisha mtu aliyewahi kuamka Makete mwezi Julai, lakini maji huondoa joto la mwili kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa, na mabaki ya manowari hizo yamelala kwenye kina cha mita 25 hadi 45. Suti ya kawaida hutunza joto kwa vipovu vya gesi vilivyomo ndani ya mpira wake, yaani neopreni. Ukifika mita 30, mgandamizo unakuwa mara nne ya ule wa juu, vipovu vinasinyaa, na suti inakuwa nyembamba mahali pale pale ambapo ungeihitaji iwe nene. Suti kavu huzuia maji yasiingie kabisa, na mvaaji hubaki ndani ya tabaka la hewa ambayo huiongeza kutoka kwenye mtungi kadiri anavyoshuka, na kuitoa kadiri anavyopanda.

Jambo lililonichanganya kwa wiki kadhaa ni kwamba suti kavu zilizo nyingi zenyewe hazina joto. Zile za kitambaa cha tabaka tatu, yaani nailoni au polista nje na ndani na mpira wa butili katikati, ni kama koti la mvua lililofungwa pande zote. Joto hutoka kwenye nguo zinazovaliwa ndani yake, za sufu au za nyuzi za kutengenezwa, wala si za pamba, kwa kuwa pamba ikishalowa jasho hung'ang'ania unyevu na kumgeuka mvaaji. Faida yake ni kwamba suti hiyo moja inaweza kutumika Orkney mwaka huu na siku nyingine ikatumika Silfra, nchini Iceland, ambako maji huwa na nyuzi 2 hadi 4. Kinachobadilika ni nguo ya ndani tu.

Aina ya pili niliyoitamani ni ya neopreni iliyogandamizwa kiwandani. Hiyo hunyumbulika na mwili, ina joto lake kiasi, na hustahimili mikwaruzo ya vyuma vilivyoota kutu. Lakini ni nzito, na huchelewa kukauka, na hapa ndipo Dar es Salaam inapoingia katika hesabu. Suti yangu itakaa majini siku kumi na kabatini miezi kumi na moja na ushee. Washauri wengi wanaoandika kuhusu mavazi haya wanaishi kwenye baridi, na sidhani kama wamewahi kuona jinsi ukungu wa masika unavyoweza kuuvamia mkanda wa ngozi ndani ya wiki mbili. Suti nene ambayo haikukauka vizuri, ikikunjwa na kusahauliwa katika nyumba iliyo karibu na bahari, itafunguliwa Mei ikinuka kama gunia la dagaa. Kitambaa cha tabaka tatu hukauka upesi na hakili nafasi kubwa katika kilo 23 za mzigo wa ndege. Nilikichagua hicho.

Hesabu hiyo ya kabati ilinibana zaidi nilipofika kwenye sili za shingo na za mikono, yaani mipira inayobana ngozi ili maji yasiingie. Sili za lateksi ndizo zilizozoeleka: ni laini, hubana vizuri na si ghali. Hata hivyo lateksi huharibiwa na jua, joto, mafuta na hata losheni ya kujipaka. Nilijifunza hilo kwa fedha yangu, kwa kununua suti kavu ya mtumba kutoka kwa mtu aliyeniapia kwamba aliivaa mara tatu tu. Sikutilia shaka neno lake, ila hakuniambia ilikaa stoo miaka mingapi. Nilipoingiza mkono, sili ilininata kama ubani uliotafunwa, na nilipoivuta ikachanika bila kutoa mlio.

Kabla ya kuikatia tamaa niliipima kama fundi pancha anavyopima tairi. Niliziba mikono yake kwa chupa za plastiki na shingo kwa mpira wa miguu, gundi ya karatasi ikazungushwa pale palipochanika, nikaijaza hewa kutoka kwenye mtungi na kuipaka povu la sabuni. Mapovu yalichemka chini ya kwapa la kushoto na kando ya zipu yote. Kiraka cha kwapa kingewezekana. Zipu ndiyo iliyonikatisha tamaa, kwa maana kuibadilisha ni kazi ya karakana maalumu na gharama yake ilikaribia bei niliyoinunulia suti nzima.

Kwa hiyo katika suti mpya niliagiza sili za silikoni zinazoshikwa na pete ngumu. Silikoni haiozeshwi na jua kwa urahisi kama lateksi, na kwa sababu ya pete, sili iliyochanika hubadilishwa kwa mikono mitupu bila gundi, hata ukiwa juu ya boti. Udhaifu wake ni kwamba ikishatobolewa na ukucha huchanika yote, basi nina ya akiba. Zipu ni ya plastiki inayokatiza kifuani, ambayo ninaifunga mwenyewe. Ile ya shaba inayopita mgongoni hudai msaidizi, hudai nta, na chumvi ya hewa ya pwani haina urafiki nayo.

Kuhusu kipimo, ninamsihi mtu yeyote asiagize kwa kutaja urefu na uzito tu. Suti hupimwa ukiwa umevaa nguo zote za ndani: uchuchumae, ujikumbatie, kisha unyooshe mkono hadi kwenye vali ya mtungi iliyo nyuma ya kisogo. Ikikuzuia, ni ndogo. Ikiwa na mikunjo mingi miguuni ni hatari zaidi, kwa kuwa hewa hukimbilia huko, miguu ikatangulia juu, na vali ya kutolea hewa iliyo kwenye mkono wa kushoto haiwezi kuitoa hewa iliyokwama kwenye soksi. Sili ya shingo nayo isibane kupita kiasi. Ikikandamiza mishipa mikubwa ya shingo, mapigo ya moyo yanaweza kushuka na mtu akazimia. Viatu sikuvifikiria sana, nilichukua soksi za suti na viatu vigumu vya kuvaa juu yake.

Hakuna anayepaswa kushuka na vazi hili bila mafunzo. Somo langu la kwanza lilifanyika katika bwawa moja la Masaki, saa nane mchana, nikiwa nimevaa sufu ndani ya suti isiyopitisha hewa na vipande vya ziada vya madini ya risasi kiunoni vya kuongeza uzito. Tulipotoka, mwalimu alifungua zipu akakuta nguo zangu za ndani zimelowa chepechepe, akaanza kuzikagua sili moja baada ya nyingine. Nililamba kiganja changu. Kilikuwa na chumvi, wala si klorini.