Muhogo wa bibi uliojiotea Newala

Enzi hizo nko chuo Morogoro, likizo nikaenda Newala kwa bibi mzaa mama, hata begi sijatua nikakuta ugomvi. Mjomba kashika panga anataka kukata muhogo uliojiotea uani karibu na mti wa mpira, bibi kamsimamia mbele hataki. Mjomba anasema muhogo gani huu, ukifukua mizizi myembamba kama kamba, nyuzi tupu. Bibi anasema we kata wako, huu mi nachuma kisamvu.

Nikausogelea. Jani nene, pana, kijani kimekolea, ukilichuma utomvu unamwagika vidole vinanata mpaka jioni. Maua yapo ila tunda hata moja hamna, wakati mpira wa pembeni tunda zikikauka zinapasuka pa! mbegu zinaruka mpaka barazani. Nadhani ndo ulivyozaliwa, nyuki katoka kwenye muhogo kaingia kwenye mpira, hakuna aliyepanda.

Mpira wenyewe ni ndugu wa muhogo, asili yake Brazil, Wajerumani waliulima huku wakitafuta mpira wa kuuza, biashara ikafa watu wakabaki na kisamvu. Kule Amani, Tanga, miaka ya 1930 wataalamu walikuwa wanaichanganya hii miwili makusudi wapate muhogo usioshikwa na batobato, ule ugonjwa wa virusi unaokunja majani, so kuoana kwao sio ajabu.

Nikaomba pingili chache nikaondoka nazo. Chuoni nikazichomeka kwenye mchanga, mizizi ilipotoka tukakata ncha tukazitia dawa na rangi, tukaziponda kwenye kioo tukaweka kwenye hadubini. Aisee kuhesabu kromosomu za muhogo, vile vinyuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi, ni mateso, ni vidoti vimelaliana, unafika thelathini na kitu unapotea unaanza upya. Muhogo una 36, mpira nao 36, mtoto alitakiwa 36, nusu kwa baba nusu kwa mama. Sie tukapata 54, yaani seti tatu za 18: mzazi mmoja hakugawa nusu, katoa zote 36, mwenzie ndo katoa 18. Mwalimu wala hakushtuka, akasema kwenye mimea mchanganyiko kama huu mara mojamoja anatokea bila mtu kumtafuta. Seti zikiwa tatu hazigawanyiki mbilimbili, ndo maana mbegu inakuwa shida.

Nikampigia bibi nikamweleza yote. Kasikiliza weee, alaf akauliza, "Sasa mume wangu, majani yake yanaliwa hayaliwi?" Nikamwambia yanaliwa bibi, ila utwange na uchemshe vizuri kama kawaida, sumu ya muhogo imo. "Haya, mwambie mjomba wako mwenyewe," simu akampa.

Mjomba nlipomwambia tatizo lake hauzai mbegu akacheka sana, "We mpwa, muhogo nani anapanda mbegu? Sie tunapanda miti." Bana nikakosa jibu. Likizo iliyofuata nakuta kakata pingili zake kapanda mstari mzima pembeni ya shamba, eti uzio, mbuzi wa jirani wasipite, na bibi kashaanza kugombana nae tena kwamba mstari ule nao ni wake.