Tai wa Michikichi Katika Kiangazi cha Kigoma

Kwa anayetaka kuwafahamu ndege wa Kigoma, msimu unaofaa zaidi ni kiangazi, kati ya Juni na Septemba, wakati miti ya miombo vilimani inapoanza kupukutisha majani na mbayuwayu wa Ulaya wakiwa bado hawajarejea, hata karibu kila ndege unayekutana naye anakuwa mwenyeji. Kituo kimoja cha elimu ya mazingira kando ya Ziwa Tanganyika huandaa matembezi ya asubuhi katika msimu huu, nami nilijiunga nayo Jumamosi iliyopita pamoja na walimu, wavuvi na wanafunzi wa sekondari.

Ufukweni hatukukaa sana. Mdiria mwenye madoa meusi na meupe alisimama hewani akipigapiga mabawa, akajitupa majini na kuibuka na samaki mdomoni.

Kilichotuchukua muda ni tai aliyetua kwenye mchikichi mrefu nyuma ya kituo. Mwanafunzi mmoja alimwita kwazi, na wengi humchanganya hivyo, lakini mwongozaji alitutaka tutazame tumbo: la kwazi ni la kahawia iliyokolea, ilhali la huyu lilikuwa jeupe, na kuzunguka macho alikuwa na ngozi tupu yenye wekundu. Tulipokezana darubini, tukamwona akichomoa tunda mkunguni, akalibana kwa ukucha na kulichuna nyama ya nje, ile ile tunayokamua mawese. Ni ndege wa jamii ya tumbusi, ingawa hula pia samaki na kaa, na chakula anachokipenda hasa ni matunda haya.

Hapo mzee mmoja mkulima aliuliza kama basi tai huyo ni mwizi wa mavuno. Mimi naona anachokula ni kidogo mno kumlaumu. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba ndege huyu hutaga yai moja tu kwa msimu na hujenga kiota kwenye miti mirefu, kwa hiyo tunapoondoa michikichi mikongwe ili kupanda miche mipya ya Tenera (aina chotara ya mchikichi yenye mafuta mengi), ambayo kwa hakika inawanufaisha wakulima wetu, ni vyema tukabakiza baadhi ya ile mirefu mipakani mwa mashamba. Nimewaomba waandaaji wawaalike wakulima wengi zaidi katika matembezi yajayo, kwa sababu uamuzi wa kukata au kubakiza mti uko mikononi mwao.