Misi ya Crown yangu ilivyonizungusha miezi mitatu

Crown ni gari linalojua kuficha ugonjwa. Toyota walilitengenezea wazee wa Japani wanaopenda kukaa kimya kiti cha nyuma, wakaizungushia injini raba na magodoro kila upande ili asisikie mtu chochote. Yangu ni Royal Saloon ya mwaka 2000, bodi ya JZS171, injini ya 1JZ-GE ya lita 2.5, silinda sita kwa mstari mmoja. Injini hii ikiwa nzima, kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, inabidi uangalie mshale wa resi ndipo ujue kama haijazimika.

Kwa hiyo silinda moja ilipoanza kulala mimi sikusikia misi yoyote, yaani ule mkatiko wa silinda inayokosa kuwaka. Nilichokiona ni maji. Chupa ilikuwa kwenye kishikio cha vikombe, taa nyekundu imetushika, na maji yanacheza viduara vidogo vidogo. Nikajisemea hizi ni maunti, zile raba zinazoibeba injini, zimechoka. Nikabadilisha maunti. Viduara vikabaki palepale.

Masika ilipoingia mambo yakawa wazi. Asubuhi ya mvua, nikipandisha Kimara, ukikanyaga mafuta gari linavuta mara moja, linasita, linavuta tena, kama mtu mwenye kwikwi. Likisimama usukani unatetemeka, na ukiweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi unasikia pumzi zinatoka puf, puf, puf, halafu moja inakosekana.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Bosi, hiyo ni plagi." Tukaweka plagi sita mpya. Gari likatulia kabisa, nikamsifia fundi kwa kila mtu. Baada ya wiki tatu misi ikarudi. Hizo wiki tatu zishike, tutazirudia.

Wa pili akasema koili, zile zinazozipa plagi umeme wa cheche, tena tununue zote tatu. Wa tatu akasema pampu ya mafuta. Mwingine, ambaye hata sikumuuliza, alisikia gari likipita akasema giaboksi. Tukaenda kwa mwenye mashine ya kusoma makosa ya gari, akachomeka, akasubiri, akageuza kioo nione mwenyewe: hakuna kosa hata moja. "Gari zima hili, kaka." Nikalipa, nikaondoka na gari zima linalotetemeka.

Kile kifaa kidogo cha bluetooth kinachouzwa kila mahali nacho nilikijaribu, kikagoma hata kuunganika. Baadaye ndiyo nikaelewa. Magari mengi ya miaka ile yaliyotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe yana tundu la kuchomekea mashine la pini 16 kama mengine, lakini lugha ya kompyuta yake si ile ambayo vifaa hivi vya bei rahisi vinaijua. Tena kompyuta nyingi za soko hilo hazikupewa kazi ya kuhesabu misi. Ndiyo maana silinda inakufa na taa ya injini haiwaki. Nilijaribu na njia ya kizamani, kipande cha waya kati ya pini ya 4 na ya 13, swichi imewashwa, injini haijawaka. Taa ikapepesa harakaharaka kwa mwendo mmoja bila kukatika, maana yake hakuna kosa lililoandikwa. (Usifanye hivi kwa kukisia. Ukikosea pini unaweza kuunguza kompyuta.)

Jumamosi moja nikaamua nisinunue kitu mpaka nijue ni silinda ipi. Nikafungua kile kifuniko cha plastiki cha katikati.

Injini hii ina koili tatu kwa silinda sita. Kila koili inalisha mbili: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Pistoni za jozi moja hupanda pamoja. Wakati moja inabana mafuta na hewa, mwenzake anamalizia kusukuma moshi nje. Cheche inaruka kote kuwili kwa mpigo mmoja, na ile ya upande wa moshi inapotea bure. Nilipoliona hilo nikajua kipimo ninacho mwenyewe, bila mashine.

Nilizima gari, nikachomoa soketi ya umeme ya koili ya 1 na 6, nikawasha. Injini ikatetemeka kama bajaji inayokata roho, ikabaki kidogo izime. Nikazima, nikairudisha. Koili ya 3 na 4, vilevile. Koili ya 2 na 5: ikabadilika kidogo tu. Kila mara sikuiacha iungurume hata nusu dakika, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuyachoma masega, yale yanayosafisha moshi ndani ya ekzosi, na masega ya Crown si kitu cha kuchezea kwa bei yake.

Hesabu yake ni hii. Gari lilikuwa linatembelea silinda tano. Ukiua jozi nzima unabaki na tatu, na injini inalia. Ukiua jozi ambayo mmoja wao alishakufa, unabaki na nne. Basi mgonjwa yuko kwenye 2 na 5. Na hapo hapo ushauri wa koili tatu ukafa: koili hiyo ingekuwa imeungua, silinda zote mbili zingekuwa zimelala, na kuichomoa kusingebadilisha kitu. Imebadilisha, kidogo, ila imebadilisha. Mmoja bado anafanya kazi.

Nikatoa plagi ya 2. Rangi ya kahawia, kavu, nzuri. Nikashusha soketi ya kufungulia plagi kwenye tundu la 5, na kabla sijafungua nikaona mkono wa soketi umepanda juu unang'aa oili. Plagi ilitoka nyeusi, imelowa, inanuka petroli. Niliifuta kwa kitambaa, nikaisogeza kwenye jua. Kwenye ile kauri nyeupe, kutoka juu panapokaa raba inayoivika plagi hadi kwenye chuma, kulikuwa na mstari mwembamba mweusi, kama umechorwa kwa penseli. Nikageuza raba yake, nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Mstari mwingine, umekaa mkabala na ule. Na raba yenyewe ilikuwa imevimba na kulainika kama andazi lililosahauliwa kwenye chai.

Cheche yangu ilikuwa inatoroka. Umeme hufuata njia nyepesi. Ndani ya silinda unatakiwa kuruka nafasi ya milimita 1.1 katikati ya hewa iliyobanwa, nje kuna njia ya masizi kwenye kauri, unateremka nayo moja kwa moja mpaka kwenye bodi ya injini. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima mbano unaongezeka, kuruka kunakuwa kugumu zaidi, na umeme unachagua kutoroka. Kumbe Kimara ilikuwa inaniambia siku zote. Mwenzake wa 2 hakudhurika kwa sababu umeme ukifika kwenye bodi, kwa njia halali au ya wizi, safari yake ya kwenda upande wa pili inakamilika tu.

Na wiki tatu? Plagi mpya zilikuja na kauri safi isiyo na mstari. Zilihitaji wiki tatu kuchafuka.

Sasa swali likawa oili imefikaje mle. Injini hii ina tapeti kava mbili, vile vifuniko vya juu ya injini, moja kwa kila shafti ya vali, na plagi zimekaa kwenye bonde katikati yao. Gasketi ya kava ikikakamaa upande wa ndani, oili inavujia bondeni, na bondeni hakuna pa kwenda isipokuwa kwenye matundu ya plagi. Kwa nje huoni tone. Kifuniko cha plastiki kinafunika aibu yote.

Nilimpelekea mzee mmoja pale Ilala ambaye ameshika injini za JZ tangu zikiwa mpya. Nikamweleza vipimo vyangu, nikamwonyesha plagi. Akaigeuza mara mbili.

"Kijana wangu, mtihani umeshaufanya. Mimi nifanye nini?"

"Mzee, nataka gasketi za kava zote mbili."

"Na hii uliitoa tundu likiwa na oili?"

Nikakubali. Akatikisa kichwa. "Oili yote hiyo umeimwagia kwenye pistoni. Inyonye kwanza, pulizia upepo, ndipo ufungue." Kweli, nilipowasha ile Jumamosi gari lilitoa moshi wa buluu hadi jirani akatoka nje kuuliza kama nachoma takataka.

Kazi ilichukua karibu siku nzima, kwa sababu kava la upande wa hewa halitoki mpaka ufungue bomba kubwa la hewa linalopita juu yake. Gasketi za zamani zilikatika vipande mkononi kama biskuti. Mzee alipaka silikoni kidogo sana kwenye kona tu, akanionya kuhusu mafundi wanaoipaka kama siagi mpaka inaziba njia za oili. Raba za koili na waya tulibadilisha zote sita. Plagi nilizifuata Kariakoo, duka la tatu ndilo lililonipa zinazoeleweka. La kwanza, maandishi yalifutika kwa kidole gumba nikiwa bado kaunta.

Gasketi, raba, plagi na kazi ya mzee, vyote pamoja havikufika nusu ya bei niliyotajiwa ya koili tatu na pampu. Zile maunti sizihesabu, naona aibu.

Jumapili tukaenda Chalinze. Chupa ya maji niliiweka palepale makusudi. Mke wangu akaninywea kabla hatujafika Kibaha.

Sasa kila mwisho wa mwezi nafungua kile kifuniko, namulika bonde. Limekuwa kavu mpaka juzi, isipokuwa nyuma kabisa, karibu na tundu la sita, ambako naona kama unyevunyevu. Nimempigia mzee. Kasema nilete Jumamosi, na nisiguse plagi.